Kinanda kinachosikiliza ngoma: shajara ya Pure Data, Mbagala

Februari, mwishoni

Mradi umeshapata umbo, na vijana wa kikundi wanataka kuufuata hatua kwa hatua, kwa hiyo naanza kuandika. Ninachokitafuta ni hiki: kompyuta ipige kinanda pamoja na kikundi chetu cha ngoma, ikiwasikiliza wapigaji na kwenda nao. Wakikaza, ikaze. Wakilegeza ili muimbaji avute pumzi, ilegeze. Wakinyamaza, inyamaze.

Anayeujua mchiriku ataelewa upesi. Vikundi vya uswahilini Dar vilichukua kinanda kidogo cha Casio, vikakiunganisha kwenye spika ya pembe, kikapigwa juu ya ngoma za Kizaramo kwa sauti ya kukwaruza ambayo ndiyo utamu wenyewe. Mpiga kinanda yule alikuwa na masikio. Siku hizi kwenye shughuli nyingi nafasi yake imeshikwa na biti iliyokwisha kurekodiwa: DJ anabonyeza, biti inakwenda kwa mwendo wake, na mpiga ngoma akiwepo inambidi aifuate. Nimewaona wapigaji hodari, watu wanaoweza kuunyanyua uwanja mzima kwa kulichelewesha pigo moja kidogo tu, wamefungwa na biti isiyowasikia. Hilo linaniuma, na ndilo ninalotaka kuligeuza.

Chombo nilichokichagua ni Pure Data, ambayo watu huiita Pd. Ni programu huria, haiuzwi, na inakwenda kwenye Linux, Windows na Mac. Kompyuta yangu mpakato ni ya mtumba na inaimudu bila kulalamika. Humo huandiki mistari ya msimbo. Unaweka visanduku kwenye ukurasa mweupe, unaviunganisha kwa nyaya za kuchora, na kazi nzima iliyounganishwa hivyo inaitwa pachi. Kisanduku cha osc~ kinatoa wimbi, cha *~ kinapandisha au kushusha ukubwa wa sauti, cha dac~ kinaipeleka kwenye spika. Mtu aliyewahi kufunga mitambo ya shughuli, maiki kwenye miksa, miksa kwenye amplifaya, amplifaya kwenye spika, anakaa mbele ya Pd akiwa ameshajua sehemu kubwa ya mambo.

Historia yake imenipa moyo. Pd iliandikwa na Miller Puckette, Mmarekani aliyesomea hisabati, na akaitangaza mwaka 1996. Kabla ya hapo, miaka ya 1980, alikuwa Paris kwenye kituo cha muziki cha IRCAM, akifanya kazi na mtunzi Philippe Manoury. Manoury alitaka muziki ambao mpiga filimbi anapiga na kompyuta inamfuata. Hapo kikazaliwa kipande kiitwacho Jupiter, mwaka 1987. Kwenye kazi za namna hiyo ndipo Puckette alipotengeneza programu ya kwanza ya visanduku na nyaya, ikaitwa Max kwa heshima ya Max Mathews, ambaye mwaka 1957 aliandika programu iliyoifanya kompyuta itoe muziki katika maabara za Bell kule Marekani. Max inauzwa hadi leo, na Pd ni ndugu yake wa bure. Kwa hiyo swali langu la Mbagala, mashine itamfuataje mtu, ndilo lililokuwepo tangu siku za mwanzo za chombo chenyewe.

Machi, kabla ya mvua

Misingi. Naiandika kwa ajili ya wale vijana, maana ukiishika hii, mengine yanakuja.

Kwenye Pd kuna nyaya za aina mbili. Waya mwembamba unabeba ujumbe: namba, neno, au amri ya "bang" ambayo maana yake ni "fanya sasa". Ujumbe unatokea mara moja, umekwisha. Waya mnene unabeba sauti, na sauti haikatiki: ni namba 44,100 kila sekunde, zinazokokotolewa kwa mafungu ya namba 64. Fungu moja ni kama milisekunde 1.45. Kisanduku kinachoshughulika na sauti jina lake linaishia na alama ya ~. Ukikuta osc~ na metro kwenye ukurasa mmoja, unajua papo hapo kipi kinaimba na kipi kinahesabu muda.

Namba za sauti zinatakiwa zikae kati ya -1 na 1. Ukijumlisha osc~ kumi bila kupunguza, mawimbi yanafika 10 na kadi ya sauti inayakata vichwa. Kwa hiyo kabla ya dac~ weka *~ 0.1 daima, hasa ukiwa umevaa hedifoni. Masikio hayana vipuri.

Jambo la pili ni mpangilio. Kisanduku chenye matundu kadhaa juu, tundu la kushoto ndilo linalofyatua. Mengine yanapokea namba na kuzitunza tu. Ukitaka kujumlisha 3 na 4, ipeleke 4 kwanza kulia, kisha 3 kushoto, jibu litoke. Ndiyo maana Pd inapotoa majibu kwa matundu ya chini huanzia kulia kwenda kushoto. Na ujumbe mmoja ukigawanywa kwa nyaya mbili zilizotoka tundu moja, usitegemee jinsi ulivyozichora: weka kisanduku cha trigger, ambacho kinapanga nani atangulie. Pachi yenye trigger kila panapogawanyika inasomeka hata baada ya miezi. Isiyo nayo inaweza kufanya kazi leo, ukaichora upya kesho kwa umbo lilelile ikakataa.

Kinachonifurahisha kuliko vyote: pachi unaitengeneza ikiwa inalia. Unabonyeza Ctrl na E kuingia kwenye kuhariri, unachomoa waya, unachomeka kwingine, sauti inabadilika hapohapo mbele ya masikio. Na kila kisanduku, ukikibonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya ukachagua msaada, kinafungua pachi ndogo inayofanya kazi kweli, si maandishi matupu. Nimejifunza zaidi humo kuliko kwenye video.

Machi, mvua zimeanza

Sauti ya kinanda imekamilika. Niliitaka ile ya mchiriku, kali na yenye kingo, siyo sauti laini ya osc~. Njia: phasor~ inapanda kutoka 0 hadi 1 tena na tena, unatoa 0.5, unazidisha kwa namba kubwa, unapitisha kwenye clip~ -1 1. Wimbi linakuwa la mraba. Kisha, kwa sababu spika ya pembe haitoi besi wala sauti nyembamba sana, nikaongeza hip~ 400 kuondoa za chini na lop~ 4000 kupunguza za juu. Kijana mmoja aliyekuwa akipita dirishani akauliza, "Dada, mchiriku unapigwa wapi leo?" Nikajua iko sawa.

Kuanza na kumaliza kwa noti kunashikwa na vline~, inayopandisha sauti kwa milisekunde 5 na kuishusha kwa 80. Bila hiyo kila noti inakatika kwa mlio wa "tak", maana wimbi linakatwa likiwa katikati ya safari.

Hilo lilikuwa jepesi. Masikio ndiyo kazi.

Pd inakuja na kisanduku kiitwacho bonk~, alichokiandika Puckette mwenyewe, cha kutambua mapigo. Kinaigawa sauti inayoingia kwa vichujio 11, kuanzia chini hadi juu, na nguvu ikipanda ghafla kinatangaza: pigo. Zaidi ya hapo kinafundishika. Unatuma ujumbe wa learn 10, unampa mpigaji apige aina moja ya pigo mara kumi, halafu aina ya pili mara kumi, halafu ya tatu. Baada ya hapo kila pigo likija kinatoa namba ya aina yake na nguvu yake. Nimekifundisha mapigo matatu ya msondo, ile ngoma ndefu: kiganja katikati ya ngozi, vidole ukingoni, na pigo la kufunga ambalo kiganja kinabaki juu ya ngozi.

Kuna jambo la kihesabu hapa ambalo nimelikalia sana. Dirisha la kawaida la bonk~, yaani kipande cha sauti inachokitazama kwa mara moja, lina sampuli 256 (zile namba za sauti), karibu milisekunde 6. Ngoma yenye sauti ya chini, tuseme mitikisiko 60 kwa sekunde, mtikisiko wake mmoja unachukua karibu milisekunde 17. Dirisha limefungwa kabla ngoma haijamaliza hata mtikisiko mmoja! Kwa hiyo bonk~ haiwezi kuzitenganisha ngoma mbili za chini kwa kina cha sauti zao. Inazitenganisha kwa jinsi pigo linavyoanza: ule mguso wa kwanza wa mkono na ngozi. Nilipolieleza hili, Babu anayepiga msondo alicheka akasema hata yeye usiku humjua mpigaji kwa namna mkono unavyoanguka, kabla ngoma haijavuma.

Maiki ya kawaida ilikuwa inasikia kila kitu: ngoma ndogo ya chapuo, vigelegele, hata mvua juu ya bati. Dawa yake ni kisahani cha piezo, kile kidude cha shaba chenye duara jeupe kinachopatikana ndani ya saa za kengele na vifaa vinavyolia "pii". Kwa mafundi wa Kariakoo hakina bei ya kutisha. Unakiunganisha kwa waya uliofunikwa vizuri, unakibandika kwenye ubao wa ngoma karibu na ngozi, kinasikia mtikisiko wa ngoma hiyo na si kelele za hewani. Kila ngoma ina chake, na kadi ya sauti ya USB yenye njia mbili inanitosha: msondo kushoto, chapuo kulia. Kisanduku cha adc~ kinaziingiza.

Kisha masika yakanifundisha kingine. Ngozi ikinyonya unyevu inalegea, sauti inashuka na kufifia, na kila mpigaji anajua kuwa kabla ya kuanza ngoma hupashwa moto ikazike. Sasa fikiria: mafunzo ya bonk~ yamefanywa ngozi ikiwa kavu, kisha usiku hewa imejaa maji. Pigo la ukingoni linaanza kutambuliwa kama la kufunga. Mwanzoni nilifikiria kutunga hesabu ya kurekebisha, lakini wapigaji wana utaratibu wao tayari, na ni bora mashine iingie kwenye utaratibu huo. Ngoma zikishapashwa moto na Babu akashajaribu ngozi kwa kidole akaridhika, ndipo bonk~ inafundishwa, dakika chache tu, kisha mafunzo yanahifadhiwa kwenye faili kwa ujumbe wa write. Ngoma zikirudi motoni katikati ya shughuli, kuna muda wa kufundisha tena. Kwa ngozi ya kiangazi nina faili lake, linaitwa kwa read.

Aprili

Sehemu ngumu kuliko zote, na tamu kuliko zote: kuufuata mwendo.

Kuyasikia mapigo hakutoshi. Msondo unazungumza: unaruka, unanyamaza, unaingiza matatu mahali pa mawili. Ukipima muda kati ya mapigo yake kwa kisanduku cha timer unapata namba zisizo na mpango, nusu, theluthi, moja na nusu. Kwenye kikundi chetu anayeshika mwendo ni chapuo, ile ngoma ndogo inayorudia neno lake lilelile usiku kucha ili wengine wapate pa kusimama. Kwa hiyo uamuzi: mwendo unachukuliwa kwa chapuo, maneno yanachukuliwa kwa msondo. Mgawanyo huu wazee waliuweka wenyewe, na pachi inauheshimu.

Njia ya kwanza inayokuja kichwani ni kupima muda kati ya mapigo mawili ya chapuo na kuupa metro. Haitoshi, kwa sababu mbili. Mkono wa mtu unatetereka kidogo kila pigo, na metro inautetemesha muziki wote pamoja nao. Tena metro inaweza kuwa na kasi sahihi kabisa huku imesimama pembeni, nusu ya pigo nyuma, na ikabaki hapo daima. Kasi na mahali ni vitu viwili, na kila kimoja kinataka masahihisho yake.

Nilichokijenga ni hiki. Mashine ina namba mbili inazozitunza: urefu wa pigo, na wakati inaotarajia pigo lijalo. Chapuo ikilia, inatoa tofauti kati ya wakati halisi na ule iliyoutarajia. Nusu ya tofauti hiyo inasogeza mahali. Sehemu moja ya kumi inarekebisha urefu. Mfano: urefu ni milisekunde 500, yaani mapigo 120 kwa dakika, na chapuo imewahi kwa 30. Mahali panawahishwa kwa 15, urefu unakuwa 497. Akiwahi mara moja kwa bahati, muziki haushtuki. Akiendelea kuwahi kwa kusudi, mashine inakaza naye taratibu mpaka wamekutana. Tofauti ikizidi robo ya pigo, inapuuzwa: hilo ni pambo, si mwendo.

Kwenye Pd yote haya ni timer moja, visanduku vichache vya f vya kutunzia namba, expr mbili za hesabu, na delay inayojiita yenyewe upya kila pigo badala ya metro. Kisanduku cha delay kinakuruhusu kubadilisha muda wa kungoja kila mara, na hicho ndicho tunachokihitaji. Kunyamaza nako ni delay nyingine: kila pigo la chapuo linaianzisha upya, na ikipita mapigo mawili bila kusikia kitu, inaiambia vline~ ishushe kinanda.

Kisha likaja suala la kuchelewa. Bonk~ inataka milisekunde zake 6. Kadi ya sauti na Pd zinaweka akiba ya sauti ili isikatikekatike, kwangu ni kama 20. Sauti hewani inakwenda takriban mita 343 kwa sekunde, karibu milisekunde 3 kwa kila mita, na spika iko mita tatu kutoka kwa mpigaji. Jumla 35. Ukimjibu mpigaji baada ya kumsikia, utakuwa nyuma yake daima kwa 35, na mtu wa ngoma anazisikia milisekunde 35 kama mchanga kwenye wali.

Lakini tazama: mashine hii haijibu, inatarajia. Pigo lijalo inalijua kabla halijapigwa. Basi ile 35 naitoa kwenye delay, kinanda kinaondoka mapema, na sauti inafika kwenye masikio ya mpigaji pamoja na mkono wake. Nikiwatazama wapigaji wenyewe naona ndivyo wafanyavyo. Hakuna anayengoja kusikia pigo la mwenzake ndipo aushushe mkono. Mkono umeshaanza kushuka. Kumfuata mtu kwenye ngoma ni kumjua anakokwenda.

Jioni ya majaribio Babu alikaa na msondo, mjukuu wake kwenye chapuo. Wakaanza polepole. Babu akamkonyeza kijana, wakavuta mwendo nyuma bila kunionya, wakaukaza tena, wakaukata ghafla. Kinanda kikaenda nao, kikanyamaza nao.

"Mwanangu," akasema, "kinaningoja."

"Ndiyo, Babu. Kinakusikiliza wewe."

"Basi kifundishe na kuchokoza kidogo. Mpiga kinanda asiyechokoza hana kazi."

Hilo limeingia kwenye orodha. Ni la haki.

Aprili, tena

Vijana wameleta singeli. Lazima, huu ni muziki wao, wa Manzese, Tandale na Mbagala hapahapa, na wakisikia kitu kinachofuata ngoma wanataka kujua kama kinaweza kukimbia. Singeli inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Chukua 240: pigo moja ni milisekunde 250, na robo yake ni 62.5. Pale 35 za kuchelewa ni zaidi ya nusu ya robo, kwa hiyo bila kutarajia usingethubutu kabisa. Pachi inashika mwendo hadi karibu na 220. Juu ya hapo bonk~ inahesabu mtetemo wa ngozi kama pigo jipya. Nimepandisha minvel ili mapigo dhaifu yasihesabiwe, na nimeweka debounce ya milisekunde 40 ili baada ya pigo izibe masikio kidogo. Imesaidia. Kwa singeli kamili nafikiri mwendo uchukuliwe kila pigo la pili, na mashine ijigawie yenyewe katikati.

Mei

Sauti ya muimbaji. Mama anayeongoza nyimbo zetu haulizi ufunguo, anaanza pale koo lilipo siku hiyo, na hana sababu ya kubadilika. Kinanda cha Casio kingemlazimisha asogee kwenye kitufe kilicho karibu. Hapa Pd inanipa uhuru ambao sikujua kama nautaka. Kisanduku cha mtof kinageuza namba ya noti kuwa mitikisiko kwa sekunde: 69 inatoa 440, 70 inatoa karibu 466. Lakini ukiipa 69.4 inatoa karibu 450, haikulazimishi kwenye kitufe.

Kwa hiyo maiki ya Mama inaingia kwenye sigmund~, ambayo inapima kina cha sauti kwa dirisha la sampuli 1024, kama milisekunde 23. Nachukua kipimo cha kati cha noti zake za mwanzo, hasa zile anazozishikilia, na hicho kinakuwa msingi wa kinanda kwa wimbo mzima. Nilitumia kipimo cha kati badala ya wastani kwa sababu sigmund~ wakati mwingine inadaka sauti ya oktava ya juu, na namba moja ya ajabu inauvuta wastani kote.

Mwenzetu mmoja ni mtu wa Dodoma, na alipoiona hii akaniletea ilimba yake, kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba. Uimbaji wa Wagogo umesimama juu ya zile sauti zinazozaliwa ndani ya sauti moja: ukiwa na 100, kuna 200, 300, 400, na kuendelea. Ile ya saba, 700, haipo kwenye kinanda chochote cha kawaida. Kitufe cha jirani kiko juu yake kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Kwenye Pd unazidisha msingi kwa 7 na umemaliza. Tulikaa mpaka usiku tukipiga ngazi hiyo kwa sauti ya mchiriku. Nimeihifadhi kwenye pachi yake, na naamini ndani yake kuna muziki ambao haujapigwa bado.

Juni

Mdundiko hautulii mahali pamoja, unatembea mtaani na watu nyuma yake. Kompyuta mpakato na waya wa umeme haviwezi kufuatana nao. Pachi nzima sasa nimeihamishia kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ya ubao mmoja mdogo inayotumia umeme wa volti 5, ikilishwa na pawabenki. Pd inaendeshwa bila skrini kwa -nogui, ikifungua faili letu kwa -open mara tu kifaa kinapowaka, na ndani ya pachi kisanduku cha loadbang kinatuma ujumbe wa pd dsp 1 kuwasha sauti. Spika ya pembe na amplifaya yake ya betri vinabebwa begani, kama mchiriku ulivyozoea.

Kwa sababu hakuna skrini, mafunzo ya bonk~ yanaendeshwa kwa kitufe kimoja cha mguu: bonyeza, piga kumi, bonyeza, piga kumi. Mjukuu wa Babu ameshika kazi hiyo na anaifanya vizuri kuliko mimi, maana anajua pigo lipi lilikuwa safi na lipi lirudiwe.

Uchokozi alioutaka Babu nimeuanza. Msondo ukipiga pigo la kufunga mara mbili mfululizo, kinanda kinapata ruhusa ya kuingiza noti zake kwa mizunguko minne, zikichaguliwa na random lakini zikizungushiwa msingi wa Mama. Pigo la vidole ukingoni linakirudisha nyumbani. Kinachobaki ni nguvu: bonk~ inanipa uzito wa kila pigo, na bado siutumii. Nataka Babu akipiga kwa upole, uchokozi nao uwe wa upole. Hiyo ndiyo kazi ya wiki hii, pamoja na kutafuta mpira wa kufungia vile visahani vya piezo visilegee watu wakianza kutembea.

Jumamosi tunatoka nacho, kuanzia Rangi Tatu.